Maneno Yanayoongeza Kilo

Saa kumi na moja jioni, toroli ya soseji za smoki kwenye stegi ya Donholm, Nairobi, huwa imezungukwa na sare za shule. Muuzaji anapasua smoki kwa kisu, anaishindilia kachumbari, anamwagia pilipili, na aliye na pesa zaidi anafungiwa ndani ya chapati. Mtaalamu wa lishe akipita hapo ataona mafuta, chumvi na unga mweupe, na hatakuwa amekosea. Mwanasaikolojia ataangalia kwingine. Atamtazama msichana aliyenunua mbili, akala moja huku akicheka na wenzake, ile ya pili akaifunga kwenye karatasi na kuisukuma chini kabisa ya mkoba.

Hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu.

Unene si ugonjwa wa matajiri tu, hata katika Nairobi hii. Mwaka 2008 na 2009 watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, waliwapima watu wazima wa Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda ambako wengi wetu hudhani shida ni njaa pekee. Asilimia 43 ya wanawake na asilimia 17 ya wanaume walikuwa wamezidi uzani. Miaka michache baadaye Nairobi ilishiriki utafiti wa nchi 12 kuhusu watoto wa miaka 9 hadi 11, ambao hapa Nairobi ulisimamiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amezidi uzani, na kadiri kipato cha wazazi kilivyopanda ndivyo hatari ilivyopanda. Buruburu, Umoja na Donholm, mitaa ya Eastlands wanakoishi walimu, makarani na wenye maduka, iko katikati ya picha hizo mbili: kuna pesa ya kutosha kununua chipsi kila siku, lakini hakuna ya kulipia bwawa la kuogelea.

Sasa ingia ndani ya nyumba. Mtoto akiwa na miaka minne, mashavu yamejaa, wageni humsifu mama yake. Shosho akija kutoka ushago humbeba na kutangaza kwamba huyu analishwa vizuri. Sifa hiyo ina historia. Miaka ya themanini na tisini, kukonda kulikuwa kama tangazo la kifo. Uganda walifikia hatua ya kuuita UKIMWI "slim". Mzazi aliyezika ndugu zake miaka ile hawezi kulaumiwa kwa kuogopa mtoto mwembamba. Isitoshe, sahani iliyojaa ni ushahidi kwamba jiji halijamshinda.

Kisha mtoto anafika gredi ya saba au ya nane, anabaleghe, na watu wale wale wanageuza kauli. Anakuwa "bonge". Anaambiwa asimalize chapati za wenzake. Anti anayekuja Krismasi anauliza mbele ya kila mtu, "Kwani huyu mnamlisha nini?" Nyumba nzima inacheka, na yeye anacheka pia, maana kununa kutazidisha mambo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Wengi wanaamini wanamsaidia: akiona haya, atapunguza.

Sayansi inasema kinyume. Nchini Marekani watafiti waliwafuatilia wasichana 2,379, zaidi kidogo ya nusu yao weusi, tangu wakiwa na miaka 10. Waliwauliza kama kuna mtu aliyewahi kuwaambia kwamba ni wanene mno. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba walioambiwa hivyo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na unene wa kupindukia wakifika miaka 19, hata baada ya watafiti kuzingatia uzani waliokuwa nao mwanzoni. Tafadhali rudia sentensi hiyo. Ukiwachukua wasichana wawili wa kilo sawa, aliyebandikwa jina ndiye aliyekuwa hatarini zaidi. Na jina lililotoka kwa watu wa nyumbani lilikuwa na uzito kuliko la watu wa nje.

Njia zenyewe zinaeleweka. Aibu ni msongo wa mawazo, na msongo ukikaa siku nyingi huinua homoni ya kortiso, ambayo huchochea hamu ya sukari na mafuta na kuuhimiza mwili kuweka akiba tumboni. Chakula kitamu nacho hutuliza kweli, kwa muda mfupi, kwa hiyo ubongo unajifunza kukirudia. Aliyechekwa mezani huacha kula mezani: anaonja kidogo mbele ya watu, kisha saa nne usiku anamaliza smoki yake chooni au chini ya blanketi, haraka, bila kusikia shibe. Shuleni anajifanya mgonjwa siku ya michezo, kwa sababu kaptura ya michezo haifichi kitu.

Wazazi wengine hufungia mkate kabatini. Nao pia nawaelewa, maana mkate una bei. Lakini Leann Birch, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza ulaji wa watoto kwa miongo kadhaa, alionyesha na mwenzake Jennifer Fisher mwaka 1999 kwamba chakula kinachozuiwa kikiwa machoni pa mtoto hupata mvuto zaidi. Akipewa nafasi, hukifuata hicho kwanza. Zamani zaidi, daktari Hilde Bruch aliona jambo jingine: mtoto anayepewa chakula kila anapolia, hata kama kilio ni cha woga au upweke, hukua bila kujua kutofautisha njaa na huzuni. Nani kati yetu hajamnyamazisha mtoto kwa biskuti ndani ya matatu iliyokwama Jogoo Road?

Jeni zina sehemu yake, na si ndogo. Lakini jeni za watu wa Umoja hazikubadilika tangu miaka ya sabini mtaa huo ulipojengwa. Kilichobadilika ni nafasi. Nyua zilijengwa vyumba vya kupangisha, na Tassia na Pipeline zikaota maghorofa yanayogusana, yenye keateka anayefunga geti mapema na kukataza mpira kwenye kordo. Mvulana bado anaweza kuteremka hadi Camp Toyoyo kule Jericho au Jacaranda. Dada yake anaambiwa abaki ndani, kwa sababu mama anarudi saa mbili usiku na njiani kuna vijana asiowaamini. Hofu hiyo si ya kubuni. Ila kwa msichana maana yake ni saa kadhaa kila jioni na simu, televisheni na friji, akiwa peke yake. Upweke huo hauonekani kwenye mizani ya kliniki.

Usingizi nao haupewi uzito unaostahili. Watoto wengi wa Eastlands huamka saa kumi na moja alfajiri ili wawahi shule na msongamano, na hulala baada ya kazi za ziada. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliochapishwa mwaka 2004, vijana 12 wa kiume wenye afya walipunguziwa usingizi kwa siku mbili tu: leptini, homoni ya shibe, ilishuka asilimia 18, na ghrelini, homoni ya njaa, ikapanda asilimia 28. Walichotamani zaidi ni vitamu na vyakula vya wanga. Kijana anayesinzia darasani na kununua mandazi mawili saa nne asubuhi, hata kama mwalimu wake anamwita mlafi, anafuata amri ya damu yake.

Zaidi ya hayo kuna mfadhaiko wenyewe. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba mtu mnene ana uwezekano wa asilimia 55 zaidi wa kupata mfadhaiko, na mwenye mfadhaiko ana uwezekano wa asilimia 58 zaidi wa kunenepa. Barabara hiyo inapitika pande zote mbili. Na uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17 uliofanywa Kenya ulikuta zaidi ya wanne kati ya kumi walikuwa wamepitia tatizo la akili katika mwaka uliotangulia.

Ndiyo maana naona orodha ya vyakula haramu, inayotolewa kliniki baada ya kijana kupimwa mbele ya foleni, ni kazi ya nusu. Ningependa kwanza aulizwe faraghani analala saa ngapi, anabaki na nani jioni, na nani humtania. Watu wa kuuliza si lazima wawe madaktari. Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Mkenya Tom Osborn, huwafunza vijana waliomaliza shule kuongoza vikao vinne vya kundi. Jaribio lao lililohusisha wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka 2021, lilipunguza dalili za mfadhaiko na wasiwasi. Kilo hazikuwa lengo la jaribio lile. Shule za Makadara na Embakasi, humu humu Eastlands, zingekuwa mahali pazuri pa kulirudia, safari hii mizani ikiwa kwenye chumba chenye mlango.