Kumuuguza panya katika nchi ya ng'ombe

Ng'ombe akiugua Rwanda, mwenyewe haachwi peke yake. Mtaalamu wa mifugo wa sekta anajulikana kwa jina na kwa namba ya simu, na tangu mpango wa Girinka ulipoanza kugawa ng'ombe kwa kaya maskini mwaka 2006, ujuzi wa kumtunza mnyama huyo umeenea hadi vilima vya mbali. Hata ndege zisizo na rubani za Zipline, zilizoanza mwaka 2016 kwa kupeleka damu hospitalini, zimekuja kubeba pia mbegu za nguruwe kwa ajili ya wafugaji. Sasa mchukue mtu wa Remera au Kicukiro, hapa Kigali, aliyeamka asubuhi akamkuta panya wake wa kufugwa amejikunyata pembeni mwa kizimba, manyoya yamesimama na pua ina wekundu. Huyo atampigia nani?

Wafugaji wa panya katika mji huu ni wachache, na si jambo ambalo mtu hulitangaza kwa jirani anayetega sumu jikoni. Lakini wapo, na watoto wao humlilia panya kama watoto wengine wanavyomlilia paka. Naandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya madaktari wa wanyama watakaogongewa mlango. Mnyama huyu huuguzika, tena kwa vitu vinavyopatikana Kigali, na walimu wa kazi hiyo hawako Ulaya peke yake. Wako Morogoro, kwenye barabara ileile inayotoka Dar es Salaam, ikapita Dodoma na Singida, ikavuka Rusumo na kutuletea mafuta na saruji.

Huko Morogoro, ndani ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000. Mwanzilishi wake, Mbelgiji Bart Weetjens, alifuga panya tangu utotoni, na kutokana na mapenzi hayo ndipo alipopata wazo kwamba pua ya mnyama huyu inaweza kutafuta mabomu yaliyotegwa ardhini. Panya mmoja hukagua eneo la uwanja wa tenisi kwa nusu saa hivi. Mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kutumia hadi siku nne. Msumbiji, ambako panya hao walifanya kazi kwa miaka mingi, ilitangazwa kuwa haina tena mabomu hayo mwaka 2015. Rwanda yenyewe ilitangazwa hivyo mwaka 2009, kwa hiyo msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa kazi ile ina uzito gani. Panya wengine wa Morogoro hunusa makohozi na kugundua kifua kikuu ambacho darubini ya zahanati haikukiona.

Maarufu kuliko wote ni Magawa. Alizaliwa Morogoro Novemba 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, na hadi alipostaafu Juni 2021 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 71 na vilipuzi vingine 38. Septemba 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimpa medali yake ya dhahabu, akawa panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 8. Waliomtunza walieleza kwamba sehemu kubwa ya wiki yake ya mwisho alicheza kama kawaida, kisha wiki ikielekea kuisha akaanza kupungua kasi, akalala zaidi mchana, na hamu ya chakula ikashuka. Maelezo hayo yanastahili kusomwa mara mbili, kwa sababu dalili zote tatu zinaweza kuonwa na mtu yeyote asiye daktari, ilimradi awe anamjua mnyama wake alivyo akiwa mzima.

Panya ni windo la kila mnyama mla nyama, na mwili wake umezoea kuficha udhaifu. Anapoonekana mgonjwa, ugonjwa una siku kadhaa ndani yake. Ndiyo maana kifaa cha kwanza cha muuguzi ni mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga. Panya wa kufugwa ana gramu 300 hadi 500 hivi, na jike huwa mwepesi zaidi. Mpime kila wiki akiwa mzima, kila siku akiwa mgonjwa, na uandike. Aliyekuwa na gramu 350 akashuka hadi 315 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na hilo halisubiri Jumatatu. Ikumbukwe pia kwamba huyu si panya buku wa kuishi miaka 8. Wa nyumbani huishi miaka 2 au 3 tu, kwa hiyo wiki moja ya kungoja ni muda mrefu sana katika maisha yake.

Maradhi yanayowasumbua zaidi ni ya mapafu. Bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis hukaa katika vifua vya panya wengi wa kufugwa tangu walipokuwa wachanga, akingoja baridi, uzee au hewa mbaya. Mnyama hupiga chafya, ubavu hupanda na kushuka kwa nguvu, na ukimweka karibu na sikio utasikia kifua kikikwaruza. Wekundu unaotoka puani na machoni huwatisha wengi wakidhani ni damu, lakini mara nyingi ni ute wa tezi iliyo nyuma ya jicho, wenye rangi yake ya asili. Hata hivyo ukizidi ni ishara ya maumivu au ugonjwa. Panya hupumua kwa pua. Ukimwona ametanua mdomo akitafuta hewa, weka makala haya chini umkimbize kwa daktari.

Kigali ina mambo yake kuhusu mapafu. Mji uko juu, kama mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa masika ya Machi hadi Mei ni baridi kwa mnyama aliyeishiwa nguvu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, ikiwekwa upande mmoja wa kizimba ili aweze kuisogelea au kuikimbia, inamtosha. Kuanzia Juni linakuja vumbi jekundu. Moshi wa jiko la mkaa ni mbaya mwaka mzima, kwa hiyo kizimba kisikae jikoni wala kwenye veranda ya kupikia. Mkojo ukikaa hutoa hewa kali ya amonia inayounguza njia ya pumzi, na maranda ya msonobari yenye harufu yanaongeza madhara. Akiwa mgonjwa mtandikie vitambaa safi vya pamba, au karatasi isiyo na wino, na ubadilishe kila siku.

Kulisha ndiko kunakochosha muuguzi, na hapa nitakaa kidogo. Asiyekula kigumu hula laini: uji mzito wa sosoma, ule wa soya, mtama na mahindi ambao nyumba nyingi za hapa hunyweshea watoto, au parachichi lililopondwa, au ndizi mbivu. Asiponyanyua kichwa, tumia bomba dogo la sindano lisilo na sindano yenyewe. Ingiza ncha pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, utoe tone, umngoje ameze, utoe jingine. Usimlaze chali. Usisukume kwa haraka, maana uji ukiingia kwenye mapafu unakuwa ugonjwa mpya. Kwa siku panya huhitaji takriban mililita 10 za maji kwa kila gramu 100 za uzito wake, na ngozi ya mgongo ukiivuta ikachelewa kurudi, maji yamepungua mwilini. Meno ya mbele hukua maisha yote, hivyo asiyetafuna kwa wiki nyingi anahitaji kukaguliwa mdomo.

Kisha dawa, na hapa nina hofu ya kweli. Dawa nyingi katika maduka ya mifugo zimepimwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi. Chukua antibayotiki ya enrofloksasini yenye nguvu ya miligramu 100 katika kila mililita. Daktari akiamua kwamba panya wa gramu 300 apate miligramu 3, kipimo chake ni sehemu 3 tu za mia za mililita moja, yaani chini ya tone. Hakuna jicho la mtu linaloweza kukadiria kiasi hicho. Ni lazima dawa izimuliwe na mtu anayejua hesabu yake, na mwenye panya aondoke na chupa iliyoandikwa idadi ya matone na siku. Doksisaiklini, inayotumiwa sana kwa vifua vya panya, isichanganywe na maziwa, hata kama maziwa ndiyo fahari ya Kigali na panya anayapenda, kwa sababu yanaipunguzia dawa uwezo wa kuingia mwilini. Na kinachomfaa panya kisipelekwe kwa simbilisi: amoksilini ya kumeza, ambayo panya huivumilia, inaweza kumuua simbilisi kwa kuvuruga tumbo lake. Nyumba zenye asili ya Kivu, ambako simbilisi hufugwa sana, zizingatie hilo.

Majike huota uvimbe wa matiti, na kwa kuwa tishu ya matiti ya panya imetandaa kutoka shingoni hadi kinenani, uvimbe huo unaweza kujitokeza kwapani au hata ubavuni. Mwingi si saratani, na ukiwahiwa ungali mdogo hukatwa. Mwenye kupasua ajue kwamba panya hawezi kutapika, kwa hiyo hapaswi kulazwa na njaa usiku kucha kama mbwa. Wazee hupooza miguu ya nyuma. Hao waondolee ngazi, shusha chakula na maji, wafute mkojo tumboni kwa kitambaa cha vuguvugu, na uwaache na mwenzao waliyemzoea.

Kuhusu maumivu, watafiti walichapisha mwaka 2011 njia ya kuyasoma katika uso wa panya: jicho hufumba nusu, pua na mashavu hulegea na kuwa bapa, masikio hukunjika, sharubu hubadili mkao. Nimeona watu wakisema panya hana uso. Anao, na unasema wazi kwa anayeutazama.

Lipo onyo ambalo halikwepeki. Haya yote ni ya panya waliozaliwa mikononi mwa watu. Panya wa mtaroni au wa porini asikamatwe afugwe. Anaweza kubeba leptospira katika mkojo wake, na hadi leo tauni haijaisha huko Ituri, nchini Kongo. Mwaka 2003 panya buku na wanyama wengine wadogo waliosafirishwa kutoka Ghana kuuzwa Marekani walipeleka homa ya nyani, ambayo leo tunaiita mpox, na watu 47 wakaorodheshwa kuwa wagonjwa. Hata kwa panya wa nyumbani, nawa mikono kwa sabuni kabla na baada, vaa glavu unaposafisha damu au mkojo, na aking'ata mtu akapata homa, aende kituo cha afya na aseme aling'atwa na nini. Na panya wako akila sumu ya panya, usingoje dalili: kutokwa damu huja siku kadhaa baadaye, na kwa zile sumu zinazozuia damu kuganda, dawa ni vitamini K kutoka kwa daktari.

Ikifika siku ambayo hali tena, hasafishi manyoya yake na hasogei mkono unaomjua, kuna wema katika kumpumzisha. Kazi hiyo ni ya daktari, kwa dawa ya usingizi kwanza. Kumzamisha majini au kumfungia kwenye friji ni ukatili, hata ukifanywa kwa nia njema.

Ombi langu la kwanza ni kwa shule ya tiba ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Rwanda, kule Nyagatare: tafuteni wenzenu wa Morogoro, ambao kila siku wanapima, wanatibu na kuwatunza panya waliostaafu, mpate kutoka kwao saa chache za somo. La pili ni kwako uliye na panya mzima leo. Tafuta daktari kabla ya ugonjwa. Mwulize kama amewahi kumtibu mnyama wa gramu 300. Akikwambia hapana, lakini akaomba siku mbili asome kwanza, chukua namba yake. Huyo anakufaa.