Ritifaa Iliyopotea: Usimbaji wa Herufi katika Kuhifadhi Data za Kiswahili

Mtafiti wa lugha anapotafuta maneno katika hifadhidata na kuyahifadhi matokeo yake katika faili la matini, programu humtaka achague usimbaji wa herufi, au humchagulia kimyakimya. Uamuzi huo aghalabu huachiwa mafundi wa kompyuta. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uamuzi huo ni wa kiisimu kabla ya kuwa wa kiufundi, kwa sababu ndio unaoamua ni herufi zipi za lugha zitakazosalia.

Kompyuta haihifadhi herufi bali namba. Usimbaji ni mapatano yanayoeleza kila herufi itawakilishwa na namba gani, na namba hiyo itaandikwa kwa baiti ngapi. Mapatano ya ASCII, yaliyotolewa mwaka 1963, yana nafasi 128 tu. Kwa kuwa Kiswahili sanifu huandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za juu wala za chini, hudhaniwa kwamba ASCII yakitosheleza. Dhana hiyo hukwama kwenye sauti moja, nayo ni ile ya ng'.

Ritifaa inayoandamana na sauti hiyo ina sura mbili. Ritifaa iliyonyooka ni namba 39 katika ASCII. Ritifaa iliyopinda (’), ambayo programu nyingi za uandishi huiweka zenyewe mtu anapochapa, haimo kabisa katika ASCII. Katika usimbaji wa Windows-1252 ni baiti moja, yaani 146. Katika UTF-8 ni baiti tatu: 226, 128 na 153.

Kutokana na tofauti hiyo huzuka makosa ya aina mbili, na ni muhimu yasichanganywe. La kwanza ni kosa la usomaji. Faili lililohifadhiwa kwa UTF-8 likifunguliwa kana kwamba ni la Windows-1252, neno ng’ombe huonekana ngâ€™ombe. Sura hiyo inachukiza, lakini baiti zote zingalipo; faili likifunguliwa upya kwa usimbaji wake, neno hurejea. La pili ni kosa la uhifadhi. Matokeo yenye ritifaa iliyopinda yakihifadhiwa kwa ASCII, programu nyingi huweka alama ya kuuliza mahali pake: ng?oa. Hapo faili halibebi tena habari yoyote ya kilichokuwapo. Msaidizi akiziondoa alama hizo kwa nia ya kusafisha data, kitenzi ng'oa hugeuka nomino ngoa, yenye maana ya tamaa au wivu. Jedwali la idadi ya maneno litatoka likiwa safi, ilhali limepotoka.

Uzito wa jambo hili huongezeka katika maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Katika miswada mingi ya kale, herufi ف iliandikiwa sauti f na v pia, hivyo fua na vua vikatofautishwa kwa muktadha. Waandishi wengine walitumia ڤ kwa sauti v. Usimbaji wa ISO 8859-6 hauna herufi پ, چ wala ڤ. Ule wa Windows-1256 unazo پ na چ, lakini hauna ڤ. Mhariri anayejaza pengo hilo kwa ف hatengenezi data, bali anafuta ushahidi wa uamuzi wa mwandishi wa mswada.

Mapatano ya Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1991, yamezipa herufi zote hizo namba zake, na UTF-8, iliyobuniwa mwaka 1992, ndiyo njia inayofaa zaidi ya kuziandika katika faili. UTF-16 nayo huzihifadhi zote, ila hutumia baiti mbili kwa kila herufi ya Kilatini, ambapo UTF-8 hutumia moja. Matokeo yanapokusudiwa kufunguliwa katika lahajedwali, mara nyingi inafaa kuongeza alama ya mwanzo ya baiti tatu inayotambulisha UTF-8. Hata hivyo, baadhi ya programu huisoma alama hiyo kuwa sehemu ya jina la safu ya kwanza, kwa hiyo isiwekwe bila sababu.

Kwa kuhitimisha, kabla ya kuhifadhi maelfu ya vidahizo, mtafiti ajaribu kwanza safu chache zenye ng’oa na neno lenye ڤ, alifunge faili, kisha alifungue tena na kulilinganisha na hifadhidata. Usimbaji uliotumika utajwe katika maelezo ya data, kama vile utajwavyo mwaka na mahali pa ukusanyaji. Kosa la usomaji laweza kusahihishwa na yeyote atakayelipokea faili baadaye. Kosa la uhifadhi halina mrekebishaji, isipokuwa data asilia iwe bado ipo.