Irving Berlin (2): Mtunzi Aliyemiliki Nyimbo Zake

Juma lililopita tulimwacha Irving Berlin, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Urusi, akihudumia wateja na kuwaimbia katika mkahawa mmoja wa New York. Mwaka 1911 wimbo wa Alexander's Ragtime Band ukampa jina. Mwaka 1914 alitunga nyimbo za mchezo wa Watch Your Step, na Broadway ikamfungulia mlango.

Noti hakujua kusoma. Piano aliipiga zaidi kwa vitufe vyeusi, nayo ilikuwa na mtambo wa kumpandishia au kumshushia sauti. Tuni alimwimbia msaidizi, huyo akaiandika. Kisa hiki hupendwa mno, lakini naona kinatupumbaza. Kipaji Marekani kilikuwa tele. Aliyejua kulinda mali yake ndiye aliyekuwa adimu. Mwaka huohuo wa 1914 Berlin alikuwa miongoni mwa waasisi wa ASCAP, chama cha kuwadai malipo wanaopiga nyimbo hadharani. Mwaka 1919 akaanzisha kampuni yake ya kuchapa nyimbo. Mwaka 1921, yeye na mtayarishaji wa maonyesho Sam Harris wakafungua ukumbi wao, Music Box, ambao ungalipo.

Kisha sinema ikapata sauti. Katika The Jazz Singer ya mwaka 1927, mwimbaji Al Jolson aliimba Blue Skies, wimbo ambao Berlin aliutungia jukwaa mwaka mmoja kabla. Studio ziking'amua kwamba nyimbo ni fedha, zikaanza kununua wachapishaji wazimawazima: Warner Bros. iliwatwaa Witmark na Harms. Watunzi wengi wakawa waajiriwa, nyimbo zao zikawa za tajiri.

Hata Berlin hakusalimika na visu vya Hollywood. Alitungia nyimbo filamu ya Reaching for the Moon, lakini kufikia mwisho wa 1930 watazamaji walikuwa wamechoshwa na filamu za nyimbo. Karibu nyimbo zake zote zikakatwa.

Akarudi jukwaani. Katika As Thousands Cheer ya 1933, mwimbaji Ethel Waters aliimba Supper Time, maombolezo ya mke ambaye mumewe ameuawa na genge la Wazungu. Kuliweka jambo hilo katikati ya onyesho la vichekesho kulihitaji ujasiri.

Studio ya RKO ilipomtaka kwa ajili ya filamu ya Top Hat ya Fred Astaire na Ginger Rogers, mwaka 1935, alikubali kwa masharti: apate fungu katika mapato ya filamu, juu ya ujira wake. Nyimbo tano alizoitungia filamu hiyo, Cheek to Cheek ikiwamo, zilichapwa na kampuni yake mwenyewe.

(Itaendelea)