Kupanda Alpujarra kwa Baiskeli: Milima, Mifereji na Maneno Yaliyobaki

Waliosikiliza kipindi chetu kilichopita walinisikia nikihema mpaka maikrofoni ikachoka. Kilikuwa kile kilima cha kutoka Órgiva, kusini mwa Uhispania. Tangu siku hiyo mmetuandikia sana: njia yenyewe ni ipi, ina ugumu gani, na kwa nini mimi na binamu yangu tulikuwa tunacheka kila tukipita kibao cha barabarani? Haya basi, majibu ndiyo haya.

Tuko wapi?

Alpujarra ni miteremko ya kusini ya milima ya Sierra Nevada, sehemu yake kubwa ikiwa mkoa wa Granada. Juu yako kuna mlima Mulhacén, mita 3,479, wenye theluji mpaka majira ya kuchipua yanapokolea. Chini, ng'ambo ya safu nyingine ya milima, kuna bahari ya Mediterania. Katikati ndipo vilipo vijiji vyeupe, nyumba zimepandana, ya juu inachungulia ya chini.

Paa zake ni bapa. Wanalaza boriti za mbao, juu yake mawe bapa, halafu udongo wa kijivu unaoitwa launa, ambao ukishindiliwa vizuri haupitishi maji. Kama umewahi kupanda juu ya nyumba ya zamani Lamu au Mombasa, hutahitaji kuelezwa sana. Boriti ni boriti.

Njia yenyewe, siku tatu

Siku ya kwanza tulianzia Lanjarón, mji wa chemchemi ambao maji yake yanauzwa kwa chupa Uhispania nzima. Kutoka hapo unateremka mpaka karibu na Órgiva, raha mstarehe, upepo usoni. Usidanganyike. Ukishika barabara ya A-4132 kilima kinaanza, na hakina haraka ya kuisha: kama kilomita 15 mpaka Pampaneira, kutoka karibu mita 450 hadi zaidi ya 1,000. Si mkali sana, ila unaendelea tu, kona baada ya kona, mizeituni na milozi pembeni, korongo chini yako. Ukifika Pampaneira bado kuna Bubión, na juu yake Capileira. Vijiji vitatu, korongo moja, liitwalo Poqueira.

Siku ya pili ni Pampaneira mpaka Trevélez, kama kilomita 20 za kupanda na kushuka ubavuni mwa mlima. Simama Pórtugos unywe maji ya Fuente Agria. Yana chuma kiasi kwamba mawe yote yamekuwa mekundu, na yanachoma ulimi kama soda. Binamu alisema ladha yake ni kama kulamba msumari. Alikunywa mara mbili.

Siku ya tatu tulipita Juviles na Bérchules, tukashuka Cádiar, tukarudi Órgiva kwa barabara ya A-348 kupitia Torvizcón. Hapo mikono ndiyo inayochoka, kwa kushika breki.

Tulikuwa tunacheka nini?

Sasa tuje kwenye vibao. Binamu yangu amekulia Muscat, mimi Leicester. Kiarabu anakijua yeye, mimi sikijui. Lugha yetu sisi wawili ni Kiswahili, kwa sababu bibi yetu ni mmoja, yuko Mombasa, na kwake hakuna lugha nyingine.

Basi tunapita kibao kimeandikwa *alberca*, bwawa la kuhifadhia maji. Binamu anapiga kelele: "Birika!" Kweli, neno ni lilelile la Kiarabu, huku likawa bwawa, kwetu likawa la msikitini. Tangu hapo ikawa mchezo. *Aceituna* ni zeituni. *Azúcar* ni sukari. *Azafrán*, zafarani. *Fulano* ni fulani, na wanalitumia vilevile, kwa mtu usiyetaka kumtaja. *Alcalde*, yule mkuu wa mji, asili yake ni kadhi. Hata mlima Mulhacén umepewa jina la Mulay Hasan, mmoja wa masultani wa mwisho wa Granada.

Lililonigusa zaidi ni dogo kabisa. Kila ukitoka mgahawani watu wanakuaga, *hasta luego*. Hiyo *hasta*, yaani "mpaka", ni *hattā* ya Kiarabu. Ndiyo "hata" yetu. Bibi bado anasema "toka asubuhi hata jioni". Mimi nilidhani ni mtindo wa wazee tu. Kumbe bibi yangu na mzee wa Bubión anayeuza asali wanashika neno moja kwa maana moja.

Halafu tukaacha kucheka

Granada ilisalimu amri Januari 1492. Waislamu wake waliahidiwa kwamba dini na sheria zao hazitaguswa. Haikupita miaka kumi wakalazimishwa kubatizwa. Tangu hapo wakaitwa Wamorisko. Mwaka 1567 mfalme Felipe II akatoa amri: wapewe miaka 3 wajifunze Kikastilia, na baada ya hapo kusema, kusoma au kuandika Kiarabu liwe kosa, hadharani na hata nyumbani. Mavazi yao, majina yao na bafu zao pia vilipigwa marufuku.

Mzee mmoja wa Granada, Francisco Núñez Muley, aliandika kuipinga amri ile. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa ya wazee: mtu aliyezeeka na lugha moja atajifunzaje nyingine kwa miaka 3, wakati pengine umri wake wote uliobaki hautatosha? Binamu alinisomea habari hiyo kwenye simu tulipokuwa tumekaa chini ya mti Capileira, na sote wawili tukamfikiria mtu mmoja.

Hakusikilizwa. Desemba 1568 Wamorisko wa Alpujarra waliasi, wakiongozwa kwanza na Aben Humeya, ambaye ukoo wake ulitawala Válor, kijiji kilicho mashariki ya njia tuliyopita. Vita vilikwisha 1571. Walionusurika walitawanywa sehemu nyingine za Kastilia, vijiji vikajazwa wageni kutoka kaskazini, na kati ya 1609 na 1614 Wamorisko wakafukuzwa Uhispania kabisa.

Ila mifereji ilibaki. Inaitwa *acequia*, neno la Kiarabu tena, na utaisikia kabla ya kuiona, maji yanakimbia pembeni mwa barabara. Mingine iko juu kabisa: inachukua maji ya theluji na kuyamwaga mlimani ili yazame ardhini, yaje kutokea kwenye chemchemi za chini wakati wa kiangazi. Binamu alisimamisha baiskeli akaitazama muda mrefu. Oman wana falaji zao, na huko pia maji yanagawiwa kwa zamu.

Wenyeji walihitaji mifereji ili wale, basi maneno yake yakaishi. Mazungumzo yenyewe, yale ya mama na mtoto, utani, kubembeleza, kugombana, hayakuachiwa nafasi. Hilo ndilo lililokaa nami kilima kizima. Lugha inaweza kuacha maneno mia kwenye vibao na isiwe na mtu hata mmoja wa kuisema pale.

Ukitaka kwenda

Nenda Aprili mpaka Juni, au Septemba na Oktoba. Julai jua halina huruma. Gia kubwa ya nyuma iwe na meno 32 au 34, na breki zikaguliwe kabla. Maji yapo, karibu kila kijiji kina chemchemi. Koti jepesi usiliache, kwani Trevélez iko karibu mita 1,500 na jioni kuna baridi.

Chakula: Trevélez ni mji wa nyama ya nguruwe iliyokaushwa, mapaja yananing'inia kila dari. Kwa asiyekula, agiza *papas a lo pobre*: viazi vilivyoivishwa polepole kwa mafuta ya zeituni, pilipili hoho na kitunguu. Omba na mayai, na useme mapema *sin jamón*.

Na jambo moja la mwisho, hili halihitaji baiskeli. Kiswahili chetu hakuna mfalme aliyekipiga marufuku. Kinapungua tu, kidogo kidogo, kila bibi anaposema Kiswahili nasi tukamrudishia Kiingereza. Wiki hii mpigie simu mzee wako, zungumza naye dakika kumi, hata kwa kubabaika. Muulize neno moja ambalo hulijui, halafu tutumie kwa ujumbe wa sauti. Tutayakusanya kwenye kipindi kijacho.