Kamera Ipi Itufaayo: Canon 2000D au Nikon D3500?

Chama chetu cha Wapiga Picha kimekusanya fedha kwa muda wa miaka miwili, hasa kwa kupiga picha ndogo za vitambulisho na picha za mahafali kwa kamera za kuazima. Sasa fedha zimetosha kununua kamera moja, moja tu, nayo itakuwa iliyokwisha tumika. Majina yaliyobaki mezani ni mawili: Canon EOS 2000D na Nikon D3500. Chama kimegawanyika, na mabishano yamefika hata bwalo la chakula. Mwalimu mlezi wetu amesema kura haitapigwa mpaka hoja ziandikwe na watu wazisome. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Yafaa niseme mapema kwamba mimi naegemea upande mmoja, na sababu ninayo. Mwaka jana, siku ya mahafali, mimi ndiye niliyepewa kamera. Ilikuwa ya kuazima, na jina la kiwanda chake silitaji kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Tangu asubuhi nilikuwa nikilenga kwa skrini ya nyuma badala ya kuchungulia tunduni, maana wenzangu walipenda kusimama nyuma yangu na kutazama. Saa nane mchana mhitimu mmoja akanijia amemshika mkono bibi yake mzaa mama, ambaye alisafiri kwa basi tangu jana yake ili amwone mjukuu akipokea cheti. Bibi akasimama penye ngazi, akatengeneza khanga yake, akatulia. Nikabonyeza, kimya. Betri ilikuwa imekwisha. Chaja nilikuwa nayo mfukoni, lakini umeme ulikuwa umekatika tangu saa nne. Bibi aliendelea kusimama vile vile, hakubadili uso, mpaka mjukuu wake alipomwambia. Picha ile mpaka leo haipo.

Basi kwanza tujue kamera hizi ni za namna gani. Zote mbili ni za aina iitwayo DSLR. Ndani ya kila moja, nyuma ya lenzi, kuna kioo kilichowekwa mshazari. Nuru iingiapo hupiga kioo hicho, ikapanda juu, ikageuzwa na vioo vingine mpaka ikafika kwenye tundu la kuchungulia. Ukibonyeza, kioo hujiinua, pazia hufunguka, na nuru hufika kwenye kihisi, yaani kile kibamba cha kupokelea nuru kilichochukua mahali pa filamu. Kisha kioo hurudi chini. Ule mlio ambao vijana wa Kidato cha Kwanza huupenda sana, sehemu kubwa ni wa kioo hicho. La kushika hapa ni kwamba ukichungulia tunduni waona kwa nuru yenyewe, si kwa umeme. Betri hutumika kidogo sana. Lakini ukiwasha skrini ili ulengee huko, kioo hukaa juu wakati wote, kihisi na skrini hufanya kazi mfululizo, na betri hunyonywa. Laiti ningalilijua hilo mwaka jana.

Kamera zote mbili ni za makampuni ya Japani, na zilitangazwa mwaka mmoja, 2018: Canon mwezi wa Februari, Nikon mwezi wa Agosti. Ugomvi mwingi wa bwaloni ni juu ya pikseli, nao ni ugomvi wa bure. Canon ina pikseli milioni 24.1, Nikon milioni 24.2. Hakuna jicho la binadamu liwezalo kuona tofauti hiyo, hata picha ikitundikwa ukutani ukubwa wa ubao wa darasani. Kihisi cha Nikon ni kikubwa kidogo, milimita 23.5 kwa 15.6, na cha Canon ni 22.3 kwa 14.9. Nalo si jambo la kutukosesha usingizi.

Betri ndilo jambo la kutukosesha usingizi. Kwa vipimo vya viwanda vyenyewe, betri ya Canon ikijaa hupiga picha 500 hivi kwa kuchungulia tunduni, na ya Nikon hupiga 1,550. Mahafali yetu hayakosi picha mia sita au mia saba tangu maandamano ya asubuhi hadi wageni waondoke. Kwa Nikon, betri moja yatosha siku nzima na kesho yake. Kwa Canon, hatuna budi kununua betri ya pili, na kuhakikisha usiku kwamba zote mbili zimejazwa. Shule iliyo mjini yenye umeme usiokatika yaweza kulicheka jambo hili. Sisi hatuwezi. Wenzangu wa upande wa Canon hujibu kwamba betri yake, LP-E10, hutumika pia katika 1100D, 1200D na 1300D, kwa hiyo ni rahisi kuipata au kuiazima. Ni kweli, lakini betri ya Nikon nayo hutumika katika kamera kadhaa za ndugu zake, kama D3300 na D5600.

Hoja nyingine ya upande wa Canon ni kwamba ina Wi-Fi, na Nikon ina Bluetooth tu, ambayo huzisafirisha picha polepole. Hoja hii ingekuwa nzito kama tungeruhusiwa simu. Simu haziruhusiwi shuleni, na anayeificha moja chini ya godoro anajua yatakayompata. Picha zetu huhamishwa kwa kutoa kadi ndani ya kamera na kuipeleka chumba cha kompyuta. Kwa kazi hiyo kamera hizi ni sawasawa.

Ama kuhusu flashi, naomba wasomaji wanisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wengi hawapajui. Chama kina flashi moja ya zamani tuliyopewa na mwanafunzi aliyemaliza hapa. Si ya Canon wala ya Nikon. Flashi za namna hiyo huwashwa kwa ncha moja ya chuma iliyo katikati ya mguu wake, ambayo hugusana na ncha ya katikati iliyo juu ya kamera. Nikon D3500 inayo ncha hiyo. Katika 2000D, Canon waliiondoa. Wakaacha zile ndogo zinazozungumza na flashi zao wenyewe. Mimi sikuamini mpaka nilipojaribu. Mwalimu mmoja alituazima 2000D yake Jumamosi moja, na mpiga picha wa mjini akatuazima D3500. Mwalimu wa Fizikia aliipima flashi kwanza, kwa kuwa flashi za kale sana zaweza kuwa na volti nyingi za kuunguza kamera. Yetu ikaonekana haina hatari. Juu ya Nikon iliwaka mara moja. Juu ya Canon ilikaa kama kofia tu. Kweli Canon ina flashi yake ndogo inayochomoza, tena ina nguvu kuliko ile ya Nikon, lakini flashi ya namna hiyo humulika watu usoni moja kwa moja, na nyuso hung'aa kwa jasho. Ile yetu huinuliwa ikamulika dari, na nuru ikashuka pole.

Siku ile ile tulizijaribu zote mbili usiku katika ukumbi, wakati wa mdahalo, bila flashi. Hapo kamera huongezewa wepesi wa kuona, unaopimwa kwa namba za ISO. Canon hufika 6400, na ukiilazimisha 12800. Nikon hufika 25600. Namba hizo za juu kabisa sizisifu, maana picha huwa kama imenyunyiziwa mchanga. Lakini hata tulipoziweka zote 6400, chembechembe zilikuwa nyingi zaidi katika picha za Canon. Kwa upande mwingine, tulipowaonyesha wenzetu bwenini picha za mchana bila kuwaambia ni za kamera ipi, wengi walipenda rangi za ngozi katika zile za Canon. Nimeliandika ingawa halinisaidii.

Michezo nitaipitia upesi: Nikon hupiga picha 5 kwa sekunde, Canon 3. Kwa mrukaji wa juu, tofauti hiyo yaweza kuwa ndiyo kumpata akiwa juu ya ufito au akiwa amekwisha anguka. Video za Nikon za Full HD zaweza kuwa na picha 60 kwa sekunde, za Canon 30. Wala hakuna hata moja yenye tundu la maikrofoni, hivyo Chama cha Maigizo kisijenge matumaini makubwa.

Sasa nifike kwenye hoja iliyonisumbua mwenyewe. Mwalimu mlezi wetu anayo lenzi ya Canon ya milimita 50, inayopokea nuru nyingi, naye yuko tayari kutuachia. Lenzi hiyo ingelenga yenyewe juu ya 2000D, kwa sababu tangu Canon walipoanza mtindo wao wa EF mwaka 1987, mota ya kulengea imo ndani ya lenzi. Nikon wana mtego hapa. Namna ya kufunga lenzi zao imetoka mwaka 1959, na lenzi nyingi za kale huingia katika D3500. Lakini kamera hii haina mota ndani yake. Mtu akinunua lenzi ya zamani kwa bei nafuu, akadhani amebahatika, ataona hailengi ila kwa kuzungushwa kwa mkono. Kwa hiyo tukichukua Nikon tunaipoteza lenzi ya Mwalimu, na kila lenzi tutakayonunua baadaye lazima tuhakikishe ina mota yake. Hiyo ni hasara, na simlaumu atakayepiga kura kwa ajili yake.

Nikon imekwisha acha kuitengeneza D3500, maana makampuni yote mawili yamegeukia kamera zisizo na kioo. Kwa kuwa sisi twanunua iliyotumika, hilo silihofu sana. Ninalohofu ni kuuziwa iliyochoka. Na hapa Nikon ina wema mmoja: ndani ya kila picha huandika hesabu ya picha zote ambazo kamera imepiga, na kompyuta yaweza kuisoma. Picha za 2000D hazionyeshi hesabu hiyo. Kwa hiyo muuzaji wa D3500 akisema ameitumia kidogo, tutapiga picha moja mbele yake na kuijua kweli.

Kura yangu nitaipeleka kwa Nikon. Mimi ni wa Kidato cha Nne, na mahafali yajayo nitakuwa miongoni mwa wanaopigwa picha. Kamera itabaki kwa walio nyuma yangu. Katika gurudumu la juu la D3500 kuna alama ya GUIDE, ambayo humwongoza mgeni hatua kwa hatua, na nadhani itawafaa Kidato cha Kwanza siku ambayo hakuna mkubwa wa kuwaelekeza.

Kikao cha kura ni Jumamosi ya wiki ijayo, baada ya chakula cha jioni, katika maabara ya Fizikia. 2000D ya Mwalimu itakuwapo, na flashi ya zamani iko kwangu, kitanda cha tatu upande wa dirisha. Asiyeamini habari ya ile ncha ya katikati na aje aipachike kwa mkono wake.