Pima Shavu Kabla ya Kununua Darubini

Hapa Bukavu ukitaja bunduki kikaoni, watu hunyamaza kwanza, wapime unaelekea wapi. Basi niseme mapema: bunduki ninayoizungumzia haina risasi. Inarusha sindano yenye dawa ya usingizi au antibiotiki kwa nguvu ya gesi, na sisi madaktari wa wanyama tunaihitaji pale mgonjwa anapokuwa na kilo mia mbili na hataki kuguswa.

Mgonjwa huyo ni gorila wa Grauer, na nyumbani kwake ni Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970. UNESCO iliiandika kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1980, na tangu 1997 imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kutoka mjini unapita Miti, na baada ya kilomita kama 30 umefika Tshivanga, makao makuu ya hifadhi. Mitego ya waya hutegwa humo kwa ajili ya paa wa msituni, lakini waya haujui kuchagua. Dume mmoja aliyejulikana sana, Mugaruka, alipoteza mkono kwa mtego wa namna hiyo. Ukitaka kuutoa waya kabla nyama haijaoza, lazima kwanza umlaze mnyama; na umlaze ukiwa mita kumi hivi kutoka kwake, katikati ya mianzi, miguu yako ikiteleza kwenye mteremko na ukoo wake mzima ukikutazama.

Bunduki za aina hii si za jana. Colin Murdoch, mfamasia wa mji wa Timaru huko New Zealand, ndiye aliyezitengeneza katika miaka ya 1950. Tangu hapo gesi imeboreshwa na sindano zimeboreshwa. Kinachowasumbua watu hadi leo ni kitu kidogo ambacho hata kwenye katalogi hakipewi mistari miwili: pete zinazoishika darubini juu ya mtutu. Ziwe fupi au ndefu?

Rafiki mmoja wa Ulaya aliwahi kutuletea darubini nzuri ajabu, lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 50. Ukiongeza unene wa chuma chake, ile kengele ya mbele inafika karibu milimita 57, na haiwezi kupita juu ya mtutu bila pete ndefu. Fundi akafunga pete ndefu. Vijana wakafurahi. Nilipolaza shavu kwenye kitako cha bunduki nikaona giza tupu. Ili nipate mduara mzima wa kioo ilinibidi ninyanyue kichwa mpaka kidevu ndicho kikaegemea mbao.

“Lakini Dokta, kubwa si inaona zaidi?” kijana wangu wa kazi akauliza.

Nikamjibu kwamba inakusanya mwanga zaidi, ni kweli, na mwanga ni muhimu kwa mwindaji wa huko kwao anayelenga mita mia mbili jioni. Sisi tunafanya kazi mchana, kwa hatua chache. Lenzi ya milimita 32 inatutosha na kubaki, nayo inakaa chini.

Wengi hudhani ubaya wa pete ndefu uko kwenye mahesabu ya mruko. Jicho linatazama kutoka juu, mtutu uko chini, na njia hizo mbili hazilingani kila mahali; zinakutana pale ulipoirekebishia bunduki. Ni kweli, lakini tufanye hesabu yenyewe. Risasi ya mita 800 kwa sekunde ikienda mita 20 imeanguka milimita tatu tu. Sindano ya mita 60 kwa sekunde, kwa umbali uleule, imeanguka zaidi ya nusu mita. Kwa hiyo mtutu lazima uinuliwe, na sindano inapanda kabla ya kushuka: ukiirekebisha kwa mita 20 huku darubini ikiwa sentimita 6 juu ya mtutu, kwenye mita 10 itapiga kama sentimita 10 juu ya pale unapotazama. Sasa iinue darubini sentimita 3 zaidi. Unajua mabadiliko ni kiasi gani kwenye zile mita 10? Sentimita moja na nusu. Umbali uliokadiria vibaya utakuharibia kazi kuliko hizo pete.

Tatizo lenyewe ni uso wako. Shavu likiegemea mbao, jicho linarudi mahali palepale kila mara, hata ukiwa umechoka, hata mvua ikinyesha. Kichwa kikielea hewani, leo jicho liko hapa, kesho liko pale, na bunduki inaanza kulala upande bila wewe kujua. Kwenye mteremko ndiyo usiseme, kwa sababu ardhi yenyewe imelala na macho yanaifuata. Bunduki ya sindano ikiinama nyuzi 10 tu, kwenye mita 20 sindano inakwenda pembeni karibu sentimita 10. Tunalenga msuli mnene wa paja au wa bega. Sentimita 10 kutoka pajani unaweza kuwa tumboni. Hapo hujamlaza mnyama, umemuumiza.

Namna ya kujipima haina gharama. Hakikisha bunduki haina kitu ndani. Fumba macho, ipandishe begani, laza shavu pale linapopenda lenyewe, kisha fumbua. Ukiona mduara mzima bila kusogea, urefu ni sahihi. Ukilazimika kunyoosha shingo, pete ni ndefu kwako. Ukilazimika kuligandamiza shavu mpaka meno yaume, ni fupi mno, ingawa hilo ni nadra. Kati ya kengele ya darubini na mtutu acha nafasi ndogo, milimita mbili au tatu, visigusane. Na usikubali kipimo cha mwenzako: mwenzangu mmoja ana uso mwembamba, na bunduki iliyonikaa sawasawa yeye inamletea giza upande mmoja. Tulimfungia kitako kipande cha sponji na kukizungushia mpira wa tairi ya baiskeli. Hakipendezi, lakini kimekaa.

Jambo jingine ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote: sisi tunavaa barakoa, maana gorila anaambukizwa mafua yetu. Barakoa inaongeza unene shavuni na inapeleka pumzi juu, moja kwa moja kwenye kioo cha nyuma. Aliyejipima bila barakoa hajajipima. Mazoezi yetu tunayafanya uani, tukiwa tumeivaa, kwa sindano za maji na godoro la zamani lililosimamishwa ukutani.

Angalia pia darubini yenyewe ilitengenezwa kwa umbali gani. Nyingi za bunduki za kuwindia zimepangwa kiwandani kwa mita mia moja hivi. Kwa mita 10 picha inafifia, na alama ya kulengea inaonekana kuhama jicho likisogea kidogo. Tafuta inayoweza kurekebishwa kwa karibu, kama zile za bunduki za upepo, na ukuzaji wake uwe mdogo. Ukikuza mara tisa kwenye mianzi utaona manyoya tu, hutajua kama ni paja au ni mgongo wa mtoto aliyebebwa.

Ile darubini ya milimita 50 tuliifungua, sasa iko kabatini. Kwa hiyo wewe unayeandaa vifaa, au unayeandika barua ya kuomba msaada wa vifaa, taja kwanza urefu wa pete na uso wa atakayeitumia, ndipo utaje darubini. Pete ni rahisi kubadilisha na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kioo.