Pikipiki ya Safari ya Kaskazini: Nunua Ile Unayoweza Kuinyanyua



Ukitoka Isiolo kwenda kaskazini siku hizi, barabara ni ya lami. Inapita Archers Post, Merille na Laisamis mpaka Marsabit. Kutoka Marsabit inaendelea mpaka Moyale, mpakani mwa Ethiopia. Safari yote ni karibu kilomita 500. Zamani njia hii ilikuwa mawe na vumbi matupu. Lami iliwekwa katika miaka ya 2010. Sasa pikipiki yoyote iliyo nzima inaweza kufika Moyale.

Lakini watu wa kaskazini hawakai kando ya lami peke yake. Kaunti ya Marsabit ina zaidi ya kilomita za mraba 65,000. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu karibu 460,000. Ukigawanya, kila kilomita ya mraba ina watu sita au saba tu. Walimu, wauguzi, wahudumu wa mifugo na wachuuzi huacha lami na kuingia jangwani. Wanakwenda Maikona, Kalacha, North Horr na Loiyangalani. Huko ukiharibikiwa, unaweza kukaa saa nyingi usione mtu.

Basi mtu anayetaka kununua pikipiki ya safari hiyo huingia dukani na kusema:

"Fundi, nipe ile kubwa. Nataka yenye nguvu."

Fundi mwenye busara humjibu:

"Mzee, kwanza niambie unakwenda wapi. Halafu niambie, ikianguka utainyanyua na nani?"

Swali hilo la pili ndilo kubwa. Katika makala hii tutaeleza kwa nini.

IJUE NJIA KWANZA

Kabla ya kuchagua pikipiki, ijue njia. Tuseme unatoka Marsabit unakwenda Loiyangalani kwa kupitia North Horr. Utakutana na mambo manne.

Jambo la kwanza ni mawe. Nchi iliyo chini ya mlima Marsabit imejaa mawe meusi ya volkano. Mengine yana makali kama shoka. Hutoboa tairi, hupinda rimu na hugonga tumbo la injini.

Jambo la pili ni mchanga. Upo katika malaga, yaani mito mikavu, na upo pia karibu na North Horr. Katika mchanga gurudumu la mbele linacheza huku na huku kama samaki. Hapo ndipo watu wengi huanguka.

Jambo la tatu ni Chalbi. Chalbi ni jangwa tambarare. Zamani sana palikuwa ziwa. Wakati wa kiangazi ardhi yake ni ngumu, nyeupe kwa chumvi, na pikipiki inapita vizuri. Lakini mvua ikinyesha, Chalbi inakuwa matope yanayonata. Mvua huja zaidi kati ya Machi na Mei, na tena Oktoba na Novemba. Wakati huo hata lori hukwama.

Jambo la nne ni upepo. Upande wa Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, upepo ni mkali sana. Ndiyo sababu mitambo 365 ya umeme wa upepo ilijengwa huko, na mradi ukafunguliwa rasmi mwaka 2019. Upepo huo unamsukuma mtu na pikipiki yake, hasa kama amefunga mzigo juu sana.

Zaidi ya hayo kuna jua. Na maji ya Ziwa Turkana yana magadi na chumvi. Usiyatazame ukadhani umepata maji ya kunywa.

PIGA HESABU YA PETROLI

Chukua kalamu na karatasi. Kutoka Marsabit mpaka Loiyangalani kwa njia ya North Horr, weka kilomita 300. Petroli unaweza kuipata njiani ikiuzwa kwa dumu au chupa. Lakini usiitegemee. Lori likichelewa kufika, hakuna.

Pikipiki ya cc 150, kama zile za bodaboda, ikiwa kwenye lami bila mzigo inaweza kwenda kilomita 40 au zaidi kwa lita moja. Usipige hesabu kwa namba hiyo. Ukiwa na mzigo, katika mchanga, kwa gia ya kwanza na ya pili, weka kilomita 25 kwa lita.

300 gawanya kwa 25 ni lita 12.
Ongeza robo ya akiba, yaani lita 3.
Jumla ni lita 15.

Kama tangi linachukua lita 11, utabeba lita 4 nyingine. Dumu moja la lita 5 linatosha.

Sasa piga hesabu ya pikipiki kubwa ya cc 600 au zaidi. Katika njia mbaya weka kilomita 15 kwa lita.

300 gawanya kwa 15 ni lita 20.
Ongeza robo, lita 5.
Jumla ni lita 25.

Tangi la lita 18 litajaa, na bado utabeba lita 7. Umeona? Pikipiki kubwa ina tangi kubwa, lakini inakunywa zaidi. Tangi kubwa peke yake si dawa.

PIGA HESABU YA UZITO

Kila mtu abebe maji ya kunywa lita 5 kwa siku, au zaidi. Weka maji ya siku mbili hata kama safari ni ya siku moja. Hiyo ni lita 10, yaani kilo 10. Petroli ni nyepesi kidogo kuliko maji. Lita 5 ni karibu kilo 4. Spana, tyubu, chakula na nguo ni kilo 15.

Pikipiki ya cc 150 ina uzito wa kilo 125 hivi. Ongeza petroli ya akiba, maji na mizigo. Unapata kama kilo 154.

Pikipiki kubwa ya safari ina kilo 230 hivi, na nyingine zaidi. Ongeza dumu zake, maji na mizigo. Unapata zaidi ya kilo 260.

Sasa fikiri uko peke yako kati ya Kalacha na North Horr. Ni saa sita mchana. Pikipiki imelala ubavu mchangani, na petroli inavuja kidogo kidogo kwenye kifuniko cha tangi. Ni kweli, mtu haiinui yote hewani. Anashika usukani na keria, anakunja magoti na kuisukuma kwa miguu. Ya kilo 154 mtu mzima mwenye afya ataiinua, hata mara tano kwa siku. Ya kilo 260 labda ataiinua mara moja. Mara ya pili mgongo unakataa. Mara ya tatu atakaa chini akisubiri gari. Maji ya lita 10 hayasubiri. Kwa jua lile yanakwisha.

Kwa hiyo fanya jaribio hili kabla ya kutoa pesa. Mwombe mwenye duka gunia, uilaze pikipiki juu yake polepole. Kisha uiinue mwenyewe bila msaada. Kumbuka hapo haina mzigo na hujachoka. Ukishindwa dukani, jangwani hutaweza.

INJINI ILIYO RAHISI NDIYO IMARA

Wengi hufikiri pikipiki ya kisasa yenye vifaa vingi ndiyo bora. Mjini inaweza kuwa kweli. Jangwani uliza swali jingine: ikiharibika, nani ataitengeneza, na vipuri vitatoka wapi?

Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo CG125. Iliundwa makusudi kwa nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na fundi hapatikani kila mara. Vali zake zilisukumwa na fito za chuma, badala ya cheni ndogo ya ndani inayotaka kuangaliwa mara kwa mara. Ilidumu sana. Baadaye viwanda vya China vilitengeneza injini nyingi za mtindo huo, na nyingi zimeletwa Afrika. Hilo ni fundisho: wenye viwanda wenyewe walitambua kwamba penye shida, kitu rahisi hudumu.

Tafuta injini yenye silinda moja, inayopozwa kwa hewa. Haina rejeta ya kutobolewa na jiwe. Tafuta yenye kiki ya mguu, ili betri ikifa uweze kuiwasha. Kabureta ni nzuri kwa sababu unaweza kuifungua kwa spana na kuisafisha kwa kitambaa. Pikipiki nyingine huingiza petroli kwa mtambo wa kompyuta. Hizo hutumia petroli kidogo na huwaka vizuri. Lakini uchafu wa petroli ya chupa ukiziba mtambo huo, au betri ikifa, kazi ni ngumu. Pikipiki yoyote uliyo nayo, chuja petroli ya chupa kwa kitambaa safi kabla ya kuitia.

Pia tazama wenyeji wanaendesha nini. Bajaj Boxer na TVS kutoka India zimejaa katika miji yetu. Mjini Marsabit au Isiolo utapata klachi, plagi, cheni na waya zake. Pikipiki ya kigeni ambayo ni wewe peke yako unayo, hata ikiwa nzuri namna gani, itasubiri kipuri kutoka Nairobi au ng'ambo.

MIGUU YA PIKIPIKI

Angalia chini ya pikipiki kama vile mtu anavyoangalia kwato za punda.

Rimu za spoki zinafaa kuliko za chuma cha kumimina. Spoki ikipinda hunyooshwa, au hubadilishwa. Rimu ya kumimina ikipasuka, safari imekwisha. Tairi ziwe na meno makubwa. Katika mchanga utapunguza upepo kidogo ili tairi ikanyage kwa upana. Ukifika kwenye mawe utaujaza tena, la sivyo jiwe litabana tyubu na kuipasua. Kwa hiyo pampu ya mkono ni lazima.

Gadi ya matope ya mbele isikae karibu sana na tairi. Matope ya Chalbi hujaa hapo katikati, na gurudumu hukataa kuzunguka. Chini ya injini funga bamba la chuma. Keria iwe imara, na mzigo mzito ukae chini na pembeni, si juu.

JE, YA KATI?

Kuna pikipiki za porini za cc 200 au 250. Nyingi hazifiki kilo 150. Springi zake ni ndefu na zinapita mchangani vizuri kuliko za bodaboda. Kama unajua fundi wake, na umenunua vipuri vyake mapema, hiyo ndiyo nzuri kuliko zote kwa safari hii. Kama huna fundi wala vipuri, nunua ya cc 150.

Na ile kubwa? Haina ubaya wake wa kuzaliwa nao. Kwa mtu wa Isiolo mpaka Moyale kwa lami, ni raha na haichoshi. Watu wawili watatu wanaosafiri pamoja wanaweza kusaidiana kuiinua. Lakini kwa mtu mmoja jangwani ni mzigo.

KABLA YA KUONDOKA

Beba tyubu mbili, viraka na gundi, plagi, waya wa klachi, kiungo cha cheni, oili lita moja na spana zote zinazofaa pikipiki yako. Jifunze kuziba pancha nyumbani, si njiani. Angalia oili kila asubuhi. Injini hizi hubeba oili kidogo, na joto linaimaliza.

Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa tano pumzika kivulini, injini nayo ipoe. Usiendeshe usiku, kwa sababu ngamia hana taa. Uliza kituo cha polisi kama njia ina usalama na kama mvua imenyesha. Mwambie mtu wa mji utokao na mtu wa mji uendako siku yako ya kufika. Ukikwama, kaa karibu na pikipiki. Usitembee kutafuta msaada mchana wa jua.

Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari. Tahadhari ya safari hii inaanzia dukani, siku ya kununua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kutoka Loiyangalani mpaka Laisamis weka kilomita 230. Kwa kilomita 25 kwa lita, pamoja na robo ya akiba, utahitaji petroli lita ngapi?
2. Kwa nini kiki ya mguu ni muhimu jangwani?
3. Jirani yako anataka kununua pikipiki kubwa ili aheshimiwe na watu. Anakwenda North Horr peke yake. Utamshauri nini?